MWILI WAKO NAO NI MTAJI: Kwa sisi tunaouza kwa simu kutwa nzima

Leo siongelei bando wala jinsi ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea hicho kiti ulichokalia.

Angalia siku ya muuzaji wa mtandaoni. Unaamka, simu iko mkononi kabla hujanawa uso. Unapandisha mzigo stetasi, unajibu inboksi, mteja anasema "nitumie", unaita boda, boda anaondoka na wewe umebaki palepale. Mchana chipsi na soda. Saa nne usiku bado unajibu "bei gani hii?" wakati bei umeiandika kwenye picha. Mwenye duka la kawaida angalau anashusha katoni, anapanga, anasimama. Wewe kilichofanya kazi ni kidole gumba.

Sasa piga hesabu kama mfanyabiashara. Tuseme faida yako kwa siku ni 15,000. Ukilala kitandani wiki mbili, hiyo ni 210,000 imepotea, bado dawa, bado nauli ya kwenda Chunya au Mbeya kutibiwa. Na wateja hawakusubiri, wanahamia kwa mwingine. Wengi wetu hatuna msaidizi wala bima. Presha na kisukari sio magonjwa ya matajiri tena, na hayaji na kelele. Mtu anaweza kuwa na presha kubwa miaka na asijisikie chochote.

Kuna utafiti mmoja wa zamani naupenda sana. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza anaitwa Jerry Morris alichapisha matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva anakaa zamu nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Basi ni lilelile, mji uleule, lakini madereva ndo walioonekana kuugua moyo zaidi kuliko makonda. Haya, sisi wauza kwa simu ni dereva au konda? Jibu unalo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku 2 za mazoezi ya misuli. Wastani maana yake unatembea kwa kasi ambayo kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Zile hatua 10,000 watu wanazozitaja zilianzia Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichoingizwa sokoni baada ya Olimpiki ya Tokyo. Jina lake lenyewe lilimaanisha mita ya hatua elfu kumi. Yaani lilikuwa tangazo la biashara! Wenzetu walijua kuuza. Kwa hiyo ukifika 6,000 usijione umefeli.

Dakika 150 unazipata wapi na oda zinaingia? Kwenye oda zenyewe. Hapa Makongolosi mji sio mkubwa. Chukua mizigo mitatu ya karibu, panga njia moja, peleka kwa miguu mzunguko wa dakika 30. Siku tano kwa wiki ni dakika 150 kamili. Kama boda ni 1,000 kwa kila mzigo, umeokoa 15,000 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 60,000. Mizigo ya mbali mpe boda, naye anatafuta riziki. Toka saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likipoa, maana huku sio Mbeya mjini, joto letu mnalijua, na vumbi pia. Dada zangu, usipeleke mzigo peke yako usiku sehemu usiyoijua eti kwa sababu ya mazoezi. Tembeeni wawili.

Simu ikiita, simama. Ukituma sauti kwa mteja, tembea. Kwa misuli huhitaji jimu: inuka na kukaa kwenye kiti mara 10 bila kushika, sukuma ukuta, beba ndoo mbili za maji. Ila niseme wazi, hili nawaambia wanaokaa. Mchimbaji aliyebeba mifuko ya mawe tangu asubuhi, au mama aliyekatika mgongo shambani, huyo anahitaji kupumzika, usimwambie akakimbie.

Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Mbili kwa siku ni 18. Weka chupa ya maji mezani, basi.

Upande wa biashara sasa. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima. Sehemu nyingine wamelegea, lakini vikundi vya jogging vipo, na watu hao wananunua raba, fulana, bukta, chupa za maji. Jiunge nao ukimbie kweli, halafu ndo uchukue oda ya fulana za kikundi. Ukienda kuuza tu watakujua.

Kitu ambacho sikushauri kuuza ni zile dawa na majani ya kukata tumbo kwa siku saba. Faida yake ni nzuri, najua. Lakini dawa inatakiwa iwe imesajiliwa na TMDA, na ile pakiti huwezi kujua ndani kuna nini. Mteja akizimia, namba iliyoko kwenye simu yake ni yako.

Mwisho, kapime presha hata kama huumwi kitu. Kaa umetulia dakika 5 kwanza, usiwe umetoka kunywa kahawa wala kukimbizana na boda, mkono uwe juu ya meza. Ikisoma 140/90 au zaidi usikimbilie kununua dawa ya jirani. Rudia kupima siku nyingine, na ikibaki hivyo nenda kituo cha afya. Ukisikia kifua kinabana wakati unatembea, acha hapohapo uende siku hiyohiyo, oda zitasubiri.