Picha Mnato au Video? Harusi ya Waswahili wa Pwani Mbele ya Kamera

Miongoni mwa masuala yanayowatatiza wenye harusi ni lile la kamera: je, waite mpigapicha wa picha mnato au wa video? Aghalabu suala hili huamuliwa kwa kigezo cha bei. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa mintarafu ya harusi za Waswahili wa Mombasa na Lamu, kigezo kifaacho ni kingine: kipi katika harusi ni cha kusikiwa, kipi ni cha kutazamwa, na nani ana ruhusa ya kukitazama.

Tuanze na nikaha. Kiini chake ni maneno. Mahari hutajwa, walii au shehe aliyemwakilisha huozesha mbele ya mashahidi wawili, naye bwana harusi hukubali kwa sentensi moja. Picha mnato itaonyesha mikono iliyoshikana na safu za kanzu nyeupe. Haitatueleza iwapo sauti ya bwana harusi ilitetemeka, au kama alitakiwa arudie jibu lake. Isitoshe, nikaha inapofungwa msikitini miongoni mwa wanaume, bi harusi huwa yuko nyumbani. Maneno yanayomfanya kuwa mke wa mtu husemwa mbali na masikio yake. Hapa video si anasa, kwani humpelekea mhusika mkuu tukio ambalo hakulihudhuria.

Hali hubadilika tukifika kwenye kupamba. Hafla hii ni ya wanawake watupu, na mabuibui huvuliwa. Bi harusi hukaa jukwaani na hina yake, dhahabu na asumini, ili atazamwe. Wageni, kwa upande wao, hawakuja kutazamwa na wasiokuwamo ukumbini. Mpigapicha wa kike anaweza kumlenga bi harusi na jamaa waliokubali, akamwacha nje asiyetaka. Video ikizungushwa ukumbini humzoa kila mtu: anayecheza chakacha, anayekula, anayenyonyesha. Kanda hiyo ikichezwa sebuleni mbele ya mashemeji na majirani, mgeni huyo ni kama amevuliwa buibui mara ya pili, safari hii bila ya hiari yake. (Mtaalamu Heike Behrend ameyajadili masuala ya picha na sitara katika Pwani hii kwenye kitabu chake Contesting Visibility cha mwaka 2013.) Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikafuata, lakini adabu ya ukumbi wa wanawake haikungoja sheria hizo.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata shida. Nyimbo za vugo, zenye mafumbo na vijembe, huimbwa na wanawake hao hao. Picha mnato itatuachia pembe na vijiti vya kuzipigia, basi. Video nayo, hata ikiruhusiwa, mara nyingi hufika kwa mhariri akaifuta sauti ya ukumbini na kupachika taarabu ya studio juu yake. Fasihi simulizi hufutwa ili picha zipendeze! Rai yangu ni kwamba ukumbini pawekwe kinasa sauti tu, na waimbaji waombwe idhini kwanza, kwani wapo wasiopenda hata sauti zao zisikike nje.

Suala la uhifadhi nalo lina uzito. Kanda za VHS, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1976, zimo makabatini mwa familia nyingi, ilhali kampuni ya Funai ya huko huko iliacha kuunda mashine za kuzichezea mwaka 2016. Albamu haihitaji mashine. Faili za kisasa nazo ni nzito: saa moja ya video ya megabiti 50 kwa sekunde huchukua takribani gigabaiti 22.5, ilhali picha 1,000 za megabaiti 8 kila moja huchukua gigabaiti 8 tu.

Kwa mwenye fedha chache, basi, video ya nikaha peke yake na picha mnato za bi harusi zitatosha, mradi zichapishwe. Kabla ya malipo ya kwanza waandikiane na mpigapicha: nani atabaki na faili asilia, sauti ya nikaha isichanganywe na muziki, na nakala zilizo kwake zifutwe lini.