Safari ya Guangzhou Huanzia Waithaka

Kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na vipande vya chaki, jirani yangu ameweka bahasha ya kaki. Ndani mna pasi yake, leseni ya biashara ya Kaunti ya Nairobi, cheti cha PIN ya KRA na barua ya mwaliko aliyoichapisha kwenye saiba. Mama huyu hushona sare za shule na kufuma sweta hapa Waithaka. Oktoba anataka kuwa Guangzhou, Uchina, kwenye Maonyesho ya Canton, kutafuta mashine ya kufumia.

"Mwanangu, miaka yote nimefuma kwa mashine za mitumba," aliniambia akinikabidhi bahasha nimsomee. "Safari hii nataka mpya, tena nionane na anayeitengeneza."

Nilipozisoma karatasi moja baada ya nyingine, nikaona palipo na kasoro. Pasi ina majina matatu, mwaliko una mawili, na leseni ina jina la duka tu. Kwake yeye wote hao ni mtu mmoja. Kwa ofisa wa viza ambaye hajawahi kufika Waithaka, ni watu watatu. Siku hiyo hiyo tulirudi saiba tukaomba mwaliko upya kwa majina kama yalivyo kwenye pasi, kisha akaongeza cheti cha usajili kinachoonyesha kwamba duka ni lake.

Wafanyabiashara wengi wa jua kali huamini viza ni bahati, au ni ya wenye kujuana na wakubwa. Mimi naona wengi wao hukwama kwa sababu karatasi zao hazisemi jambo moja. Na kutojua utaratibu ndiko kunakomlisha broka. Kuna mmoja aliyemdai mama huyu pesa ili "amtafutie" mwaliko, ilhali mnunuzi wa kigeni hujisajili mwenyewe kwenye tovuti ya maonyesho na kuupata bila malipo.

Maonyesho ya Canton yalianza mwaka wa 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli. Hugawanywa kwa awamu tatu, kila moja siku tano, na bidhaa hubadilika kabisa. Mashine na vifaa vya umeme huwa awamu ya kwanza, samani na vyombo vya nyumbani ya pili, vitambaa, nguo na viatu ya tatu. Kwa hivyo kabla ya kuwazia tikiti, jua unakwenda kununua nini. Mama huyu alitamani pia kuona vitambaa, lakini kungoja awamu ya tatu ni kulipia hoteli zaidi ya wiki mbili. Akachagua mashine.

Viza ya shughuli za biashara Uchina ni ya aina ya M, na mwaliko wa maonyesho ndio mhimili wake. Pasi iwe na angalau miezi sita ya uhai na kurasa tupu. Usilipie tikiti isiyorudishiwa pesa kabla viza haijabandikwa.

Halafu kuna kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano hutambulika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, na tangu mwaka wa 2016 cheti chake ni cha maisha. Wapo wanaokumbuka chanjo wiki ya safari, wakaishia kununua kadi mitaani bila kuchomwa sindano. Wanahatarisha safari, na wanahatarisha maisha yao.

Pesa nazo zina sheria. Ukitoka Kenya na dola 10,000 au zaidi mkononi, tangaza kwa forodha. Ukiingia Uchina na zaidi ya dola 5,000, tangaza pia. Na ukifikia kwa Mkenya mwenzako kule mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, badala ya hotelini, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia hilo, mwenyeji wako huenda akasahau.

Awamu ya kwanza ya vuli hufunguliwa Oktoba 15. Wewe unayeitaka safari hiyo, toa pasi yako leo uangalie tarehe ya mwisho. Ikiwa imekaribia, ingia eCitizen uombe mpya wiki hii, kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unasafiri.