Utofautishaji wa majina ya makala za michezo ya video

Utofautishaji wa majina ya makala za michezo ya video ni utaratibu wa kuchagua na kutenganisha vichwa vya makala katika kamusi elezo ya mtandaoni, pale ambapo mchezo wa video una jina moja na kitu kingine: mahali, filamu, wimbo, shirika au mchezo mwingine. Utaratibu huo hauhusu michezo peke yake. Ni uleule unaotumika kwa kata, mito, wafalme na timu za mpira. Kwenye michezo ya video unasumbua zaidi kwa sababu watengenezaji hupenda majina mafupi, hurudia jina lilelile baada ya miaka, na mara nyingine huazima majina ya mahali halisi, yakiwemo ya Afrika Mashariki.

Kwa nini majina hugongana

Programu inayoendesha kamusi elezo za namna hii haikubali kurasa mbili zenye kichwa kimoja, kwa kuwa kichwa ndiyo anwani ya ukurasa. Mwalimu mwenye wanafunzi wawili waitwao Projestus huandika jina la baba au la kijiji pembeni, na mahudhurio yanaendelea. Mwandishi wa makala hufanya hivyohivyo, ila yeye ana uamuzi mmoja zaidi: nani abaki na jina tupu, na nani aongezewe maelezo.

Mfano mzuri ni Kiruruma. Ni jina la kata ya Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, na linatajwa pia upande wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ng'ambo ya mpaka, huko Kabale nchini Uganda, kuna mto Kiruruma na mabonde yake yenye vinamasi. Si ajabu, kwani Kinyambo cha Karagwe na Kyerwa ni ndugu wa karibu wa Kinyankole na Kikiga, na watu wenye lugha za jamii moja huita mabonde na vilima vyao kwa majina yanayofanana. Isingiro ni kata ya Kyerwa. Ni wilaya pia ya Uganda, inayopakana nayo kwenye mto Kagera. Kibondo ni kata ya Karagwe, lakini Watanzania wengi wakisikia jina hilo huwaza wilaya ya Mkoa wa Kigoma. Kagera yenyewe ni mto, ni mkoa (zamani ukiitwa Ziwa Magharibi), ni jina la vita vya 1978–1979, na limo katika jina la timu ya Kagera Sugar.

Madhara ya kuchanganya majina haya ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Makala ya kata ya Kibondo ikiunganishwa kimakosa na Kibondo ya Kigoma, ramani itaiweka kata hiyo mkoa mwingine, na idadi ya wakazi wa wilaya nzima itasomwa kama ya kata moja. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kueleza kata yake atanakili namba hiyo, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba imetoka kwingine. Kiungo kilichokatika huonekana kwa rangi nyekundu na mtu hukirekebisha. Kiungo kinachokwenda mahali pasipo penyewe ni cha buluu kama vingine, kwa hiyo kinaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Nani apewe jina tupu

Kanuni ya kawaida ni kwamba jina tupu, lisilo na mabano, hupewa maana ambayo wasomaji wengi wa lugha ile wanaitafuta wanapoandika neno lile. Ikiwa hakuna maana moja inayozishinda nyingine, jina tupu huwa ukurasa wa maana, yaani ukurasa mfupi unaoorodhesha makala zote zenye jina hilo na kumwelekeza msomaji anakotaka kwenda. Pakiwa na maana kuu moja iliyo wazi, ukurasa wa orodha huongezewa neno "maana" kwenye mabano, kama vile Kagera (maana).

Maneno "wa lugha ile" ndiyo ya kuzingatia, na hapa waandishi wanaotafsiri kutoka Kiingereza hukosea mara kwa mara. Mchezo Braid wa mwaka 2008 unahitaji mabano katika kamusi elezo ya Kiingereza kwa sababu neno hilo humaanisha msuko wa nywele. Mchezo Rust una shida hiyohiyo, kwani ni neno la kutu. Kwa Kiswahili msuko ni msuko na kutu ni kutu, hivyo hakuna mgongano wa namna hiyo. Mabano yanayonakiliwa bila kufikiri ni kama koti la mvua kiangazi: hayaharibu kitu, lakini yanamfanya msomaji ajiulize mvua iko wapi.

Kinyume chake pia ni kweli. Yako majina ambayo kwa Mwingereza hayana utata, lakini kwetu yanao. Jenga ni mchezo wa vipande vya mbao uliobuniwa na Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika, akauonyesha London mwaka 1983 kwa jina alilolitoa kwenye kitenzi cha Kiswahili. Mwaka 2007 ulitoka mchezo wa video uitwao Jenga World Tour. Je, makala ya mchezo wa mbao iitwe Jenga tu? Inawezekana, kwa sababu kamusi elezo haiandiki makala za vitenzi. Hiyo ni kazi ya kamusi ya kawaida. Hata hivyo ni busara sentensi ya kwanza itaje kitenzi hicho, maana msomaji wa Kiswahili atashangaa asipokiona.

Baba Yetu ni mfano mgumu zaidi. Christopher Tin alitunga wimbo wa jina hilo kwa ajili ya mchezo wa video Civilization IV wa mwaka 2005, akitumia maneno ya sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kuipata. Katika lugha nyingi Baba Yetu ni wimbo huo na si kingine. Kwa Waswahili ni sala kwanza, inayosaliwa kila siku makanisani na majumbani. Jina tupu ni la sala, na wimbo huitwa Baba Yetu (wimbo). Anayefuata kamusi elezo ya Kiingereza kwa upofu hapa ataiondoa sala ya mamilioni ya watu mahali pake.

Mahali pa kweli ndani ya michezo

Zanzibar imetumika zaidi ya mara moja. Katika Metal Gear 2: Solid Snake, mchezo wa Konami uliotoka Japani mwaka 1990, kuna nchi ya kubuni iitwayo Zanzibar Land, ambayo watunzi wameiweka Asia ya Kati. Kwenye Halo 2 ya mwaka 2004, uwanja mmoja wa mapambano unaitwa Zanzibar, na sehemu ya hadithi inatokea New Mombasa, jiji la kubuni la karne zijazo. Halo 3: ODST ya mwaka 2009 inatokea karibu yote katika jiji hilo. Uwanja wa Zanzibar ulipotengenezwa upya mwaka 2014 uliitwa Stonetown, yaani Mji Mkongwe.

Ushauri hapa ni rahisi. Nchi ya kubuni au uwanja wa mchezo hauhitaji makala yake. Hutajwa ndani ya makala ya mchezo. Neno "Zanzibar Land" lisiwe kiungo cha kwenda Zanzibar, wala "New Mombasa" cha kwenda Mombasa, kana kwamba ni kitu kimoja. Ikiwa ni lazima kuonyesha chanzo cha jina, iandikwe sentensi nzima: jiji la kubuni lililopewa jina la Mombasa nchini Kenya. Kijana wa Ulaya aliyeijua Zanzibar kwanza kupitia mchezo atafaidika na sentensi hiyo kuliko anavyofaidika na kiungo kitupu.

Neno la kuweka ndani ya mabano

Wengi huandika "(mchezo)" wakadhani wamemaliza. Kwa Kiswahili hilo halitoshi. Mchezo ni mpira wa miguu, ni bao, ni karata, ni mchezo wa kuigiza jukwaani, na kwa akina mama wa mtaani mchezo ni zamu ya kupeana fedha kila wiki. Tamthilia na mchezo wa video vikiwa na jina moja, neno "mchezo" litakuwa limeongeza mgongano badala ya kuuondoa. Kwa hiyo inafaa kuandika "mchezo wa video" kwa ukamilifu. "Gemu" ni neno linaloeleweka kila mahali, na hakuna ubaya kulitaja ndani ya makala, lakini kichwani tushike neno moja kwa makala zote. Mmoja akiandika gemu, wa pili mchezo wa kompyuta na wa tatu mchezo wa video, kitu kimoja kinaweza kupata makala tatu za waandishi watatu, kila mmoja akiamini ni wa kwanza.

Michezo miwili ikiwa na jina moja, mwaka huongezwa. God of War ilitoka mwaka 2005, na nyingine yenye jina lilelile mwaka 2018. Mortal Kombat ina mambo zaidi: mchezo wa video wa 1992, filamu ya 1995, mchezo wa video wa 2011, filamu ya 2021, na juu ya hayo mfululizo mzima wenye jina hilo. Vichwa vitakuwa Mortal Kombat (mchezo wa video wa 1992), Mortal Kombat (filamu ya 1995), na kadhalika. Ngeli zifuatwe hata ndani ya mabano. "Mchezo wa video ya 1992" ni kosa ambalo kalamu nyekundu isingeliacha lipite. Mortal Kombat 1, kwa upande mwingine, ni ya mwaka 2023, na haihitaji mabano kwa kuwa namba ni sehemu ya jina lake. Asiyejua hilo ataiunganisha na ile ya 1992.

Namba ndani ya majina zina mtego mwingine. FIFA 14 ilitoka mwaka 2013, na FIFA 23 mwaka 2022. Anayeandika mwaka wa kutolewa kwa kutazama jina atakosea karibu kila mara. Na FIFA yenyewe, kwa jina tupu, ni shirikisho la mpira wa miguu lililoanzishwa Paris mwaka 1904, ingawa kijana kwenye kibanda cha gemu akisema "tupige FIFA" hafikirii shirikisho hata kidogo. Mfululizo wa michezo hiyo ulianza mwaka 1993 na kuacha kutumia jina la FIFA mwaka 2023, ulipotoka EA Sports FC 24. Jina jipya halifuti la zamani: makala ya kila toleo hubaki na jina ambalo toleo hilo liliuzwa nalo, na mabadiliko huelezwa katika makala ya mfululizo.

Tahajia na kurasa za kuelekeza

Majina ya michezo hayatafsiriwi isipokuwa mtengenezaji mwenyewe ametoa jina la Kiswahili. The Lion King, mchezo wa mwaka 1994 uliotokana na filamu ya mwaka huohuo, ubaki The Lion King (mchezo wa video), hata kama shujaa wake ana jina la Kiswahili fasaha. Usiitwe Simba, jina hilo ni la mnyama, na klabu ya Dar es Salaam ina mabano yake.

Programu hutofautisha herufi kubwa na ndogo, isipokuwa herufi ya kwanza, ambayo huigeuza kubwa yenyewe. Hivyo "Mortal kombat" na "Mortal Kombat" ni kurasa mbili, na eFootball huonekana EFootball hadi mtu aweke maagizo ya kuonyesha herufi ndogo. Alama # na mabano ya mraba hazikubaliki katika kichwa. Pokémon huandikwa na alama yake juu ya e, lakini wachache wana alama hiyo kwenye simu, kwa hiyo huundwa ukurasa wa kuelekeza wenye kichwa Pokemon usiokuwa na maandishi mengine. Kurasa za kuelekeza ni rahisi kutengeneza na hazina gharama. Makala ya kata ya Kiruruma inaweza kufikiwa kwa "Kata ya Kiruruma", "Kiruruma (Karagwe)" na "Kiruruma, Karagwe", zote zikimfikisha msomaji pamoja.

Kuhamisha makala

Ikigundulika kwamba jina tupu limeshikwa na kitu kisichostahili, makala huhamishwa kwenda kwenye kichwa chenye mabano. Kuhamisha ni kubofya mara chache. Kazi ni viungo vinavyobaki. Kabla ya kuhamisha, fungua orodha ya kurasa zinazounganishwa na ile, uzisome moja moja, kwa sababu baadhi zilikusudia maana moja na nyingine maana tofauti, na hakuna programu inayoweza kukisia kama aliyeandika Isingiro alikuwa Kyerwa au Uganda. Soma sentensi nzima inayozunguka kiungo. Ikitaja kata, tarafa au Nkwenda, ni ya Kyerwa. Ikitaja Mbarara, ni ya Uganda. Isipotaja chochote, mwulize aliyeiandika kwenye ukurasa wake wa majadiliano, na wakati unasubiri jibu kiungo kielekezwe kwenye ukurasa wa maana.