Sura ya Sita: Kompyuta Haizimi Ovyo

Kompyuta ikianza kuganda na kujizima katika saiba ya Makutano, Meru, au kule Runyenjes, Embu, hukumu hutangulia ushahidi: ina virusi, ifomatiwe. Mwenye saiba analipa, Windows inawekwa upya, na kabla mwezi haujaisha mashine imeganda tena. Anaambiwa virusi vimerudi. Analipa tena. Sura hii imeandikwa kwa sababu ya malipo hayo ya pili.

Tumalizane na virusi kwanza. Programu haribifu za leo huandikwa na wezi, na mwizi anayewinda nywila zako za benki anataka kompyuta iendelee kuwaka, wewe usishtuke. Mashine inayojizima kila jioni haimfai kitu. Virusi vinaweza kuifanya kompyuta iwe nzito, vikaficha mafaili kwenye flashi, vikajaza skrini matangazo. Mashine ikizima kama iliyochomolewa ukutani, tafuta kwingine.

“Mbona baada ya kufomati ilikaa sawa?” Kwa sababu fundi aliibeba hadi karakana yake, akapuliza vumbi, akachomoa RAM na kuirudisha, kisha akaiwasha kwa stima ya jengo lingine. Mambo matatu yalibadilika hapo: vumbi, RAM na stima. Sifa zote zikaenda kwa la nne: kufomati.

Mpango wangu una hatua nne: wakati, joto, umeme, kisha RAM na diski.

Wakati kwanza, kwa kuwa kifaa chake ni daftari na kalamu tu. Kila mashine inapokwama, andika saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na namna ilivyokufa. Ikiwa kipanya bado kinasogea lakini programu hazijibu na taa ya diski inawaka bila kupumzika, ishukiwe diski. Kila kitu kikisimama, hata saa ya kwenye skrini, fikiria RAM, draiva au joto. Ikizima au kujiwasha upya bila neno, fikiria umeme, au joto lililopita kiasi. Ikileta skrini ya bluu, nakili maneno yaliyoandikwa hapo kabla hayajatoweka.

Windows nayo ina daftari lake, Event Viewer, na humo ndimo uvumi mwingine ulimozaliwa. Watu huona tukio nambari 41 la Kernel-Power, wakasoma neno “Power” na kukimbilia kununua pawa saplai. Nambari 41 inasema jambo moja tu: mashine iliwaka bila kuwa imefungwa vizuri kabla ya hapo. Hata ukishikilia kitufe cha kuzimia kwa hasira, utaipata.

Joto halihitaji maelezo mengi. Watu wa Meru mjini, walioko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, huniambia baridi yao inatosha. Prosesa haijali baridi ya mlimani ikiwa feni yake imevaa blanketi la vumbi. Ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda huzima ili isiungue. Kiritiri na Siakago, kwenye vumbi la kiangazi cha Mbeere, fungua mashine mara kwa mara, uipulizie nje ya nyumba, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Na kile kitambaa kilichofumwa kwa uzi, kinachofunika kompyuta hata ikiwa kazini, kirudishwe kwenye kochi.

Sasa umeme. Wapo wa Embu wanaoamini stima yao lazima iwe imara kwa kuwa mabwawa ya Tana wanayaona kwa macho: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Lakini umeme huo huingia kwenye gridi ya taifa, kisha ukakufikia kwa transfoma ya mtaa na nyaya unazogawana na mashine ya kusaga unga na fundi wa kuchomelea mageti. Ukaribu wa bwawa haukupi volti hata moja ya ziada.

Chukua saiba moja mwishoni mwa Juni, wakati watu wamepanga foleni kuwasilisha ritani za KRA. Kompyuta sita zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, pamoja na mashine ya fotokopi. Kila fotokopi inapoamka, taa za chumba hufifia kidogo na kompyuta ya tatu hujiwasha upya. Zile tano haziguswi. Mwenye saiba anasema ya tatu ina mkosi. Mhudumu anasema ina virusi. Juni ni msimu wa baridi, kwa hiyo joto la chumba halilaumiki. Fotokopi ndiyo inayovuta mkondo mkubwa ghafla ili kupasha moto rola inayoyeyushia wino wa unga kwenye karatasi, na volti kwenye ekstensheni nzima hushuka.

Lakini kwa nini moja tu? Ndani ya pawa saplai mna kapasita kubwa. Kazi yake ni ya tangi la maji juu ya paa: mfereji ukikatika, nyumba hunywa kutoka kwenye tangi. Viwango vya pawa saplai za kompyuta za mezani hutaka tangi hilo lihimili takriban milisekunde 16 au 17 mzigo ukiwa mkubwa. Wimbi moja la umeme wetu wa herzi 50 huchukua milisekunde 20. Mashine mpya yenye mzigo mwepesi huvuka pengo hilo bila wewe kujua. Ila kapasita huzeeka, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Nyingi za kompyuta za saiba zetu zimeshatumika miaka kadhaa ng'ambo kabla ya kuuzwa huku. Tangi la kompyuta ya tatu limebaki na kikombe.

Zichunguze pia kapasita ndogo zilizo kwenye bodi kuu: kichwa kikiwa kimevimba au kikitoa ute wa kahawia, umepata mwizi wako. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu ziliingia katika bidhaa za kampuni nyingi duniani, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matatizo ya kompyuta zake za OptiPlex. Hakuna fundi aliyeziponya kwa kufomati.

Dawa: fotokopi ipate soketi yake ya ukutani, kisha jaribu pawa saplai nyingine iliyo nzima. Stebilaiza husaidia volti inaposhuka na kukaa chini. Haizibi pengo la kufumba na kufumbua. UPS huziba, mradi betri yake iko hai, na betri hizo huchoka kwa miaka mitatu hadi mitano. Hifadhi kazi, chomoa UPS ukutani, uone. Fotokopi usiichomeke kamwe kwenye UPS.

Kapasita zimekula nafasi ya hatua ya nne, basi kwa ufupi. RAM ipimwe kwa Memtest86+ usiku kucha, kipande kimoja kimoja. Ikionyesha kosa hata moja, kipande hicho kitolewe. Kusugua meno ya RAM kwa kifutio husaidia pale ambapo uchafu ndio tatizo, na mara nyingi kinachosaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha. Diski ikishukiwa, nakili mafaili kwanza, pima baadaye.

Fundi akikwambia tena ni virusi, mwombe akuonyeshe jina la kirusi hicho na faili kilimojificha. Akishindwa, mwonyeshe daftari lako, kisha mkubaliane bei ya kazi nyingine.