Kofia ya kufuma: Pambo la mtoto lenye masharti yake

UKIINGIA katika sebule nyingi nchini Kenya, iwe ni Ukunda, Msambweni au Kinango, aghalabu hukosi kuona vitambaa vya kufuma vilivyotandazwa juu ya makochi na meza. Mikono iliyovifuma vitambaa hivyo ndiyo hiyo hiyo ambayo, ujauzito wa binti au wa mkaza mwana unapokaribia ukingoni, huanza kufuma kofia ya mtoto.

Wengi huichukulia kofia hiyo kuwa pambo tu. Hata hivyo, ikifumwa kwa uzi usiofaa, kwa kipimo cha kukisia au kwa mapambo yanayong'oka, pambo hilo huweza kumdhuru yule yule linalokusudiwa kumpendeza.

Kwa nini kofia

Mtoto anapozaliwa huwa amelowa, na hupoteza joto kwa haraka. Kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, hivyo kukifunika baada ya kumkausha humsaidia kuhifadhi joto. Jambo hili lina uzito zaidi kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzani usiofika kilo 2.5. Katika utaratibu wa kumbeba mtoto wa aina hiyo kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, ulioanzia Bogotá nchini Colombia mwaka wa 1978, mtoto huvishwa nepi, soksi na kofia pekee.

Kwa upande wa mila, jamii ya Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, humfanyia mtoto akika siku ya saba na kumnyoa nywele. Kichwa kilichonyolewa huhitaji kitu chepesi cha kukikinga na upepo na jua mtoto anapotolewa nje. Wazee nao husisitiza kuwa utosi ufunikwe.

Uzi na sindano

Maduka mengi huuza uzi wa sufu bandia kwa sababu ni wa bei nafuu na una rangi za kuvutia. Uzi huo unafaa nyanda za juu zenye baridi. Kwa Diani au Msambweni, ambako joto la kaskazi kati ya Desemba na Machi humtoa jasho hata mtu mzima aliyeketi kivulini, uzi wa pamba ndio bora. Pamba hunywa jasho, hupitisha hewa na haikwaruzi ngozi.

Chagua uzi wa unene wa wastani na sindano ya kroshia, ile yenye kulabu nchani, ya milimita 3.5 au 4. Andaa pia utepe wa kupimia, mkasi na sindano butu ya kuchomekea ncha za uzi.

Vipimo

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na mzingo wa takriban sentimita 35. Afikapo miezi mitatu huwa kama sentimita 40, na miezi sita kama 43. Kofia hufumwa ikiwa pungufu kwa sentimita mbili hivi kuliko kichwa, maana uzi hunyumbuka. Kwa mtoto mchanga, basi, lenga mzingo wa sentimita 33 na kina cha sentimita 14 kutoka utosini hadi ukingoni.

Namna ya kufuma

Fuma cheni nne, kisha uziunganishe ziwe duara. Fuma cheni tatu, ambazo zitahesabiwa kuwa nguzo ya kwanza, halafu ongeza nguzo 11 ndani ya duara hilo ili upate 12.

Nguzo hufumwa hivi: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza sindano katika tundu na uvute uzi. Utakuwa na vitanzi vitatu. Vuta uzi kupitia viwili vya kwanza, kisha uvute tena kupitia viwili vilivyosalia.

Kila mzunguko hufungwa kwa kuunganisha mwisho na mwanzo wake, na mzunguko unaofuata huanza kwa cheni tatu.

Katika mzunguko wa pili, fuma nguzo mbili juu ya kila nguzo, zitakuwa 24. Katika wa tatu, fuma moja, kisha mbili mahali pamoja, na uendelee kupokezanya hivyo hadi upate 36. Katika wa nne, tanguliza nguzo mbili za pekee kabla ya kila jozi, upate 48. Katika wa tano, tanguliza tatu, upate 60.

Hapa usimame upime. Kipenyo cha duara lako kinapaswa kuwa sentimita 10 na nusu. Likizidi, fumua na utumie sindano ndogo. Likipungua, tumia kubwa. Fundi asiyetaka kufumua hapa huishia na kofia inayoangukia machoni.

Baada ya hapo usiongeze tena. Fuma nguzo moja juu ya kila nguzo, mzunguko baada ya mzunguko, nayo kazi itaanza kuinama yenyewe na kuwa bakuli. Mizunguko minane hivi itakufikisha kwenye kina cha sentimita 14.

Mapambo

Ukingo unaopendeza ni wa makombe, mfano wa yale yanayookotwa ufuoni. Ruka nguzo mbili, fuma nguzo tano katika tundu moja, ruka mbili, kisha ubane uzi kwa kitanzi kimoja katika nguzo inayofuata. Kila kombe hula nguzo sita, hivyo nguzo zako 60 zitatoa makombe 10 kamili.

Ukipenda ua, lifume kwa uzi uo huo na ulishone pande zote, si katikati tu.

Epuka vifungo, shanga na utepe mrefu. Mtoto huvuta kila kinachoning'inia na kukitia kinywani; shanga moja yatosha kumpalia, na utepe waweza kumkaba. Ncha za uzi zichomekwe ndani na kukazwa. Kofia ifuliwe kabla ya kuvaliwa.

Wakati wa kuivua

Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Mwaka wa 2022, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kuwa mtoto asivishwe kofia akiwa ndani ya nyumba, isipokuwa katika saa za kwanza baada ya kuzaliwa au akiwa katika wadi ya watoto mahututi. Kichwa ndiyo njia yake kuu ya kutoa joto lililozidi, na kofia huweza kuteleza na kumziba pua usingizini.

Ushauri huo una maana zaidi katika nyumba za Pwani. Mguse mtoto shingoni na kifuani: akiwa na jasho au ngozi ya moto, kofia ivuliwe mara moja. Mama wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati afuate maagizo ya wauguzi.

Kwa hivyo, nyanya aliyekesha akiifuma asione vibaya mjukuu anapolazwa kichwa wazi. Kofia yake itatoka na mtoto asubuhi ya upepo wa kusi, siku ya kliniki na siku wageni wanapokuja kumwona, makombe yote kumi yakionekana.