Ketamini kwa Faibromaialjia: Nafuu ya Muda Gani?

Wengi waliopasuliwa katika hospitali za wilaya hapa kwetu wamewahi kuchomwa ketamini bila kuijua jina. Wao husema tu kwamba walipigwa nusu kaputi. Sisi wa chumba cha upasuaji tunaithamini sana: kwa kipimo sahihi mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, presha kwa kawaida haishuki, na kazi hufanyika hata pale ambapo mashine ya usingizi haipo. Mkemia Calvin Stevens aliitengeneza mwaka 1962 kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis ya Marekani, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sasa kliniki za binafsi huko Marekani huitoa kwa dripu, kwa kipimo kidogo kisicholaza, kwa wenye faibromaialjia.

Ugonjwa huu huleta maumivu ya mwili mzima kwa miezi 3 au zaidi, uchovu usioondoka kwa kulala, na usahaulifu unaomtisha mwenyewe. Vipimo vya damu na eksirei hutoka safi. Hapo ndipo mgonjwa, mara nyingi mwanamke, huanza kuambiwa kwamba anajitia, au ana mawazo, au ametupiwa jambo. Linaniuma hilo, kwa sababu maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Kasoro haiko kwenye misuli anayoishika. Iko katika uti wa mgongo na ubongo, ambavyo vimekuwa kama mlinzi anayepiga filimbi hata paka akipita.

Ketamini inaingiaje? Taarifa za maumivu husafirishwa kwa kemikali iitwayo glutameti. Katika seli za fahamu kuna vipokezi vya NMDA, ambavyo kwa kawaida hubaki vimefungwa. Maumivu yakijirudia kwa muda mrefu, vipokezi hivyo hufunguka, na kila taarifa inayofuata hupokewa kwa ukali zaidi kuliko ya kwanza. Ketamini huziba vipokezi hivyohivyo. Kwa hiyo wazo la kuitumia kwa faibromaialjia lina msingi, wala si ubabaishaji.

Lakini dawa kuwa na msingi ni jambo moja, na kumsaidia mgonjwa mwezi ujao ni jambo lingine. Utafiti ninaouheshimu zaidi ulifanyika Leiden, Uholanzi, ukachapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 24 waliwekewa dripu ya dakika 30. Baadhi walipata aina ya ketamini, wengine midazolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi. Kwa nini wasingepewa maji ya chumvi tu? Kwa sababu ketamini hujitangaza yenyewe: unahisi unaelea, sauti zinabadilika, mwili unakuwa kama si wako. Aliyewekewa maji angejua mara moja kwamba hakupata dawa, na tamaa ya kupona ingeingia kwenye matokeo. Tafiti nyingi za ketamini zimekwama hapo. Leiden walipowapa wote dawa inayolevya kidogo, picha ilionekana vizuri: mara baada ya dripu maumivu yalipungua zaidi kwa waliopata ketamini, saa chache baadaye tofauti ikafifia, na kufikia wiki ya 8 haikuwepo.

Mwaka 2018 vyama vya Marekani vya wataalamu wa usingizi na maumivu vilitoa mwongozo wa pamoja, vikakuta ushahidi kwa faibromaialjia ni dhaifu. Watetezi wa ketamini hujibu kwamba dakika 30 ni chache, na ni hoja ya haki. Dripu za siku kadhaa zimesaidia kwa wiki kadhaa wagonjwa wa maumivu makali ya mkono au mguu yanayofuata jeraha. Basi dripu ndefu zijaribiwe kwenye utafiti. Kumtoza mgonjwa fedha nyingi kabla ya hapo, naona ni kumwonea.

Na dawa hii ina madhara. Hupandisha presha, huleta kichefuchefu na njozi, na ikitumiwa mara kwa mara inaweza kuharibu kibofu na ini, au kuzaa uraibu. Mwenye presha isiyodhibitiwa au aliyewahi kuugua skizofrenia asiiguse kwa ajili ya maumivu haya.

Kwa anayeniuliza aanzie wapi, namjibu mazoezi, ingawa najua jibu hilo huudhi mtu anayeumwa mwili mzima. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 uliyapa mazoezi pekee pendekezo lenye nguvu. Anza na kutembea dakika chache, kila siku, hata siku mbaya, na uongeze polepole sana. Wanaoanza kwa kasi huishia kitandani na kukata tamaa. Amitriptilini ya kipimo kidogo usiku huwasaidia baadhi kulala na kupunguza maumivu, na bei yake ni nafuu. Pregabalini na duloksetini zipo pia, kwa ushauri wa daktari. Na ukifika kliniki inayotoa ketamini, uliza nani atakaa kando yako dripu ikiingia, presha itapimwa mara ngapi, na kwa dalili gani mtakubaliana kwamba haikusaidia na iachwe.