Mei ni mwezi wa rangi

Kidimbwi cha watoto kilikuwa kikavu. Ndani yake fundi amechuchumaa akipaka rangi ya samawati, na mwanangu wa miaka mitatu, aliyekuwa amevaa maboya yake mikononi tangu chumbani, alisimama ukingoni akimtazama kama mtu aliyeibiwa. Ilikuwa Diani, mwezi wa Mei, mvua ya usiku imekatika na jua limeanza kuchoma. Chumba tulikipata kwa bei ambayo Desemba isingetosha hata kulipia kitanda. Lakini kile kidimbwi, kilichotufanya tuichague hoteli hiyo, kilikuwa kimefungwa mpaka Juni.

Sikushangaa sana. Kwa wenye hoteli za pwani ya Kenya, Mei ni mwezi wa rangi. Pasaka ikipita, kaskazi imekwisha, kusi inavuma, na mvua kubwa ambazo wenyeji wa Mombasa huziita mwaka zinashuka. Hakuna mwezi unaoipita Mei kwa mvua Mombasa. Milimita 200 na ushei ni kawaida. Mto Sabaki humwaga tope la bara hadi bahari ya Malindi ikafanana na chai ya maziwa, na mawimbi hurundika mwani ufukweni. Hoteli kadhaa za Lamu, Watamu na Malindi hufunga kabisa. Zinazobaki wazi hupunguza vibarua, huwapa waajiriwa likizo, kisha huita mafundi.

Na bei hushuka, kwa sababu inayoeleweka. Chumba kisicholaliwa leo hakiuziki kesho. Askari wa lango, umeme wa majokofu, dizeli ya jenereta na dawa ya bwawa vinalipiwa wageni wakiwa kumi au mia mbili. Ukishatoa gharama ya kufua mashuka na ya staftahi, karibu kila shilingi ya mgeni wa Mei ni nafuu kwa mwenye hoteli. Kwa hiyo bei si tatizo. Swali ni nani mwenye nafasi ya kuja.

Muhula wa pili wa shule huanza mwishoni mwa Aprili au mapema Mei na kwenda hadi Agosti. Familia yenye mwanafunzi haitoki. Semina za serikali na mashirika hujaza vyumba siku za kazi, zikaondoka Ijumaa. Wanabaki wastaafu, maharusi, na wazazi wa watoto ambao hawajafika PP1, darasa la miaka minne. Mtoto wa miaka miwili hana muhula wala mtihani, na wazazi wake wakipata likizo kazini, Mei na Desemba kwake ni mamoja. Naona hili ndilo soko ambalo hoteli zetu zinalo mlangoni na hazijalifungulia.

Si kwamba hazijui thamani ya mgeni wa ndani. Mei 2014, Uingereza ilipotoa tahadhari kuhusu safari za Mombasa, kampuni za utalii ziliwaondoa wageni wao kwa mamia kwa ndege. Mwezi uliofuata yakatokea mauaji ya Mpeketoni. Korona ya mwaka 2020 ikarudia funzo lilelile. Bei ya wakazi, iliyokuwa kama fadhila, sasa ni nguzo ya biashara. Ila kilichouzwa kwa mkazi ni kifurushi kilekile alichoshonewa Mzungu: watu wazima wawili, kitanda kimoja kikubwa, chakula cha jioni saa moja na nusu usiku. Saa hiyo mtoto wa miaka miwili ama amelala au analia.

Mambo anayoyahitaji mzazi ni madogo, na mengi hayana gharama ya maana: sufuria ya uji na wali jikoni ifikapo saa kumi na mbili jioni, chandarua kisicho na tundu (mtoto wa Nairobi hana kinga ya malaria, na mvua ndiyo shamba la mbu), mahali pa kuchemshia maji. Kisha kuna yaya. Familia nyingi za mjini husafiri naye, lakini kwenye orodha ya bei za hoteli mara nyingi hayumo. Mapokezi humhesabu kama mgeni kamili, mtu mzima, na hapo punguzo la Mei huyeyuka lote.

Ndiyo maana nyumba za kupanga kwa siku, kuanzia Nyali hadi Mtwapa na huku Diani, zinazinyang'anya hoteli wageni hawa. Nyumba ina jiko na chumba cha tatu cha yaya, pengine na mpishi anayejua bei halisi ya changu na tasi kwa mvuvi. Haina kidimbwi, ni kweli, lakini karai la maji uani humtosha mtoto wa miaka miwili.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi. Treni ya Madaraka, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huchukua saa tano hadi sita kutoka Nairobi. Daraja la kawaida ni Sh1,500 tangu Januari 2024, mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, wa chini ya hapo halipi. Desemba tiketi hugombaniwa, Mei unachagua dirisha. Kutoka kituo cha Miritini, barabara ya Dongo Kundu inakufikisha Kwale bila kusubiri feri ya Likoni na mtoto mwenye njaa mapajani.

Kuhusu bahari, wazazi wengi huihofia kusi bila kuuliza maji yanakwendaje. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Mwamba hubaki wazi, na kati yake vidimbwi vya maji ya vuguvugu hadi magotini, vyenye kaa, viti vya pweza na visamaki vya mistari. Vaeni viatu tu. Mwanangu alikaa humo hadi vidole vikakunjamana, na habari ya fundi ikasahaulika. Siku za maji mafu hamna hayo. Hoteli yetu haikuwa imebandika popote ratiba ya maji, ilhali ubao wa saa za "disko" ulikuwapo.

Ufukweni penyewe manahodha walikuwa wamepandisha mashua zao, wengine wakizikalafati. Muuza madafu alikuwepo, na mwenye ngamia. Kwa asubuhi mbili niliwalipa wote wawili, kwa kuwa mtoto hapiti ngamia akanyamaza. Maharusi tuliokuwa nao hotelini sikuwaona wakishuka mchangani hata mara moja.

Siku ya kuondoka kidimbwi kilikuwa kimekauka rangi, lakini maji bado. Nilimuuliza dada wa mapokezi kama mwakani watapaka tena mwezi huohuo. Alicheka, akaniambia kalenda ya mafundi haipitii mezani kwake, kisha akanipa kadi ya ofa ya Krismasi.